Posa ya Mwezi wa Pili

Kasuku wetu jina lake Mstahiki,
kwa kuwa haingii chumbani mpaka apishwe.
Kijivu, mkia mwekundu kama muhuri wa serikali,
miaka tisa nyumbani kwetu Mabela
hajawahi kumng'ata mtu
ila fundi wa kiyoyozi, naye alistahili.

Mwezi wa pili, baridi ya Maskati ilipolegea,
nikafungua madirisha, jua likafika zuliani,
Mstahiki akageuka.
Anainamisha kichwa, anakitikisa kama mwenye kwikwi,
ananitapikia mbegu za alizeti kiganjani,
vuguvugu, zimelainika,
kisha ananitazama kama aliyenivisha kidani.

Mimi nikadhani tumbo.

Akahamia chini ya kochi.
Akatafuna waya wa chaji, pindo la pazia,
boksi la viatu akalifanya pango lake
na kila apitaye hapo akawa adui.
Hilal akarudi kutoka Duqm, wiki mbili kazini,
akakaa pembeni yangu, anyooshe miguu tu,
Mstahiki akaruka na sikio.
Damu ikachirizika hadi kwenye kofia mpya ya vitobo.
"Bibi wee," Hilal akasema,
"nimerudi kwangu, au nimeingia kwa watu?"

Daktari Praseeda, kliniki ya Al Khoud,
mwanamke mdogo, miwani mikubwa,
alinihoji kama kadhi mwenye haraka.
Unamshika wapi?
Mgongoni, chini ya mbawa, jioni tukitazama tamthilia.
Anakula nini?
Uji wa moto. Ndizi ya kuponda.
Kwa kijiko?
Nikanyamaza. Kwa mdomo, mara nyengine.
Analala saa ngapi?
Tunapolala sisi.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.
"Mama, ndege huyu hana maradhi.
Umeolewa.
Wewe tu hukupewa habari."

Basi tukarudi na masharti.
Nimkune kichwani na shingoni, nisishuke hapo.
Boksi litoke, kioo kigeuzwe,
uji ukome, ale punje kavu na majani,
tundu nilihamishe kila baada ya siku chache
asije akajiona ana kiwanja na hati.
Na giza. Saa kumi na mbili za giza kila siku,
ili mwili wake udhani bado ni baridi.

Giza! Na Ramadhani hiyo mlangoni.
Nyumba gani ya Mabela hulala mwezi huo?
Taa mpaka daku, watoto wanapiga mpira uchochoroni,
mawifi wanaingia na vyano vya bokoboko,
kila mmoja anauliza: yuko wapi yule mwenye maneno?
Yuko stoo, baina ya magunia ya mchele,
chini ya shuka la buluu.
Kila magharibi namfunika, tende iko mdomoni.

Usiku wa tatu akaita.
"Umeshakula?"
Sauti ya Hilal, ile ya kwenye spika ya simu,
na mkwaruzo wake, na upepo wa Duqm nyuma yake.
"Umeshakula? Umeshakula?"
Miaka tisa ya simu za usiku
kumbe zilikuwa na msikilizaji wa pili,
naye alizichukulia kweli kuliko mimi.

Daktari alisema, akiita gizani, usimjibu.
Nikasimama, kiganja juu ya komeo.
"Umeshakula?"
Nikachelewa kutambua
kwamba hiyo ilitoka sebuleni,
kwa mtu mwenye plasta sikioni,
ameshika sahani mbili.

Mwezi wa tano, joto la nyuzi arobaini na tatu.
Manyoya ya zamani yanadondoka kama majivu ya udi,
Mstahiki anapiga mlio wa maikrowevu, anacheka peke yake,
uchumba kausahau, au ameuweka akiba.
Hilal yuko kazini.
Alasiri ndege akaja begani, akainamisha kichwa.
Nikamkuna nyuma ya sikio lake lisiloonekana.
Mkono, kwa mazoea, ukaanza kuteremka.
Nikaurudisha.
Nikachukua simu, nikapiga mimi, kwa mara ya kwanza,
kabla hajauliza.